Fomu inasema nimekwisha, kipimo kinasema mzima

Ipo fomu ya maswali 15 ambayo sisi wenye maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, hupewa tueleze akili zetu zinavyokwenda. Unasahau miadi? Unasahau ulichosoma? Mambo mawili yakija pamoja yanakushinda? Unacheka au kulia bila sababu ya maana? Kila swali unajipa alama, sifuri kama halikupati kabisa, mpaka nne kama linakusumbua sana. Ilitungwa na Ralph Benedict na wenzake huko Buffalo, Marekani, ikatoka mwaka 2003, na ujanja wake ni kwamba ina nakala mbili: moja ya mgonjwa, nyingine ya mtu wake wa karibu.

Yangu niliijaza kwa hasira. Nafanya kazi kwenye stoo ya dawa hapa Leicester, Uingereza, na ilikuwa imefika mahali nasimama mbele ya rafu, karatasi mkononi, nisijue nimefuata nini. Nikajipa nne, nne, tatu, nne. Baba Salma akajaza yake: moja, sifuri, moja. Tulirudi na basi hatusemeshani. Mtu unalala naye kitanda kimoja, hajaona? Nampigia mama Tanga nipate wa kunihurumia, ananiambia, "Hata mimi nasahau, mwanangu." Mwenye MS yeyote anaijua hiyo "hata mimi".

Siku ya kipimo ilipofika nilikwenda kama anayekwenda kusomewa hukumu. Hakuna mashine. Karatasi ina alama tisa juu, kila moja na tarakimu yake. Chini kuna safu za alama tupu, na wewe unataja tarakimu zake kwa sauti, upesi uwezavyo, kwa sekunde 90. Kinachotafutwa ni kasi, maana kasi ya kufikiri ni miongoni mwa vitu ambavyo MS huanza kuvila: inaharibu mayelini, ule utando wa nyuzi za neva unaowezesha ujumbe kupita haraka. Halafu unasomewa maneno 16, mara tano, na kila mara unataja uliyoyashika. Mwisho ni maumbo sita: unayatazama sekunde 10, yanafichwa, unachora. Yale maneno yalikuwa ya Kiingereza, lugha niliyoanza kuitumia kwa dhati sekondari. Mwanasaikolojia aliliandika hilo kwenye ripoti bila kuombwa, nikampenda.

Majibu: kawaida, kwa umri wangu na elimu yangu. Mtu angetegemea nishangilie. Mimi nililia, na bila shaka hilo nalo lina swali lake kwenye fomu.

Yule mwanasaikolojia hakuniambia najisingizia. Aliniuliza nalalaje, nakula nini, lini mara ya mwisho nilifurahia kitu. Akaeleza kwamba utafiti umeliona hili mara nyingi: alama anazojipa mgonjwa huenda sambamba na sonona na uchovu kuliko na matokeo ya kipimo, na nakala ya mtu wa karibu ndiyo hukaribiana zaidi na kipimo. Na si kwamba tatizo halipo. Kati ya asilimia 40 na 65 ya wenye MS hukutwa na upungufu wa kweli wanapopimwa. Ila wanaolalamika na wanaokutwa nao si lazima wawe watu walewale.

Kwenye kikundi chetu cha wagonjwa yupo mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, mcheshi kupita kiasi. Fomu yake ilikuwa sifuri tupu. Mkewe alijaza mpaka pembezoni: bili ile ile kailipa mara mbili, mjukuu kamsahau shuleni. Kipimo kikamuunga mkono mke. Ubongo ulioumia ndio huohuo unaoulizwa kama umeumia, na mzee anajibu kwa moyo mweupe kabisa.

Hata hivyo sikubali ile "kawaida" inifunge mdomo. Nilipimwa asubuhi, chumba kimya, simu imezimwa, jambo moja kwa wakati. Stooni saa tisa alasiri simu inalia, dereva anagonga dirisha na msimamizi anauliza idadi; hakuna karatasi inayopima hayo. Isitoshe, nililinganishwa na watu wengine, sikulinganishwa na mimi wa kabla ya ugonjwa. Aliyeanzia juu anaweza kushuka sana na bado akaitwa wa kawaida.

Nilianza tiba ya mazungumzo kwa ajili ya sonona, nikapewa dawa ya kibofu kwa sababu kukojoa usiku ndiko kulikokuwa kunanivunjia usingizi, na hesabu nzito nikazihamishia asubuhi. Nilipopimwa tena mwaka uliofuata, tarakimu za sekunde 90 zilikuwa karibu zilezile. Alama nilizojipa kwenye fomu zilikuwa zimeshuka mno. Baba Salma safari hii akaniongezea, kwenye swali la mambo mawili kwa pamoja, na hapo ana haki.

Ukienda kupimwa, usirudi na neno "kawaida" peke yake. Omba idadi yenyewe ya tarakimu ulizopatia, andika pembeni ilikuwa saa ngapi na ulilalaje. Mwaka ujao, ikishuka kwa nne au zaidi, una kitu cha kumwekea daktari mezani.