Figo za mzee kwa daktari wa Kichina

Huku Guangzhou nimemsindikiza jirani yangu mzee kwa daktari wa tiba ya jadi. Kiuno kinauma, masikio yanavuma, usiku kucha anaamka kukojoa. Daktari akamshika mapigo mikono yote miwili, akatazama ulimi, akauliza: miguu inapoa au viganja vinawaka? Kumbe katika tiba hiyo dalili hizi huhesabiwa udhaifu wa figo, na dawa inagawanyika hapo. Ukihisi baridi, yang (nguvu ya joto mwilini) imepungua, unapewa dawa yenye mdalasini. Ukihisi joto, iliyopungua ni yin (nguvu ya ubaridi na unyevu): vidonge vya Liuwei Dihuang, mimea sita, ambavyo karne ya 12 vilitungwa kwa ajili ya watoto! Mzee wetu ni wa baridi. Nikambana apime na damu hospitali, maana mitishamba ya jamii ya Aristolochia huharibu figo zenyewe. Kanuna, lakini kaenda.