Kumwandaa mtoto kwa darasa la kwanza nchini Ujerumani

Wazazi wenzangu wa Afrika Mashariki wanaoishi hapa Ujerumani huniuliza wanunue vitabu gani ili mtoto wa miaka mitano aingie darasa la kwanza akiwa anajua kusoma. Swali hilo lina asili yake, kwa kuwa kwetu, hasa mijini, mtoto wa chekechea hurudi nyumbani na daftari lililojaa herufi na hesabu, na zipo shule binafsi zinazomfanyia usaili kabla ya kumpokea. Hapa kusoma na kuandika ni kazi ya mwalimu wa darasa la kwanza, naye huanzia mwanzo kabisa. Mzazi anatarajiwa kushughulikia mambo mengine, ambayo wengi wetu hatukuzoea kuyahesabu kuwa maandalizi ya shule.

Kila jimbo lina taratibu zake. Katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, ninakoishi, mtoto anayetimiza miaka 6 kufikia tarehe 30 Septemba huanza shule mwaka huohuo baada ya likizo ya kiangazi, na huandikishwa tangu vuli ya mwaka uliotangulia. Shule itataka pia uthibitisho wa kinga ya surua, sharti lililowekwa na sheria iliyoanza kutumika Machi 2020. Aliyechanjwa kwetu Afrika Mashariki apeleke kadi yake ya kliniki kwa daktari wa watoto mapema, asisubiri barua ya shule.

Kabla ya kuanza, mtoto huitwa kupimwa na daktari wa idara ya afya ya jiji. Hupimwa macho na masikio, huruka kwa mguu mmoja, huruka upande hadi upande, huchora maumbo, hutaja idadi ya vitu anavyoonyeshwa na kurudia maneno yasiyo na maana ili ijulikane kama sikio lake linashika sauti. Hakuna anayemwomba asome. Maandalizi yake, basi, ni mkasi, gundi, udongo wa kufinyanga, kuruka kamba na rede, pamoja na kuvaa viatu mwenyewe, kujisafisha chooni na kukaa na kazi moja hadi iishe. Bibi wa mwanangu, aliyeko Muheza kule Tanzania, hajaridhika na maelezo haya. Kila akipiga simu anauliza mtoto amefika herufi gani.

Kuhusu lugha, wapo wazazi wanaoacha kabisa Kiswahili nyumbani mwaka wa mwisho kabla ya shule wakidhani wanamsaidia mtoto, huku Kijerumani chao wenyewe kikiwa cha kubahatisha. Sikubaliani nao. Kijerumani atakipata chekechea na kwa wenzake, mradi apelekwe huko mapema na mfululizo, na nyumbani anahitaji mtu anayezungumza naye kwa lugha iliyokamilika, yenye hadithi, vitendawili na maswali ya kwa nini. Kumpigisha makofi kwa kila silabi ya “ka-ra-nga” humzoesha kusikia vipande vya neno, jambo atakalolihitaji darasani katika lugha yoyote. Akitaka herufi mwenyewe, afundishwe sauti zake na si majina yake, tena kwa uangalifu, maana J ya Kijerumani husomeka kama Y yetu na Z yao ni “ts”.

Jambo lililonipa shida zaidi moyoni ni njia ya kwenda shule. Walimu hapa hutamani kuona mtoto akija kwa miguu, na baada ya muda aje bila mzazi. Msururu wa magari ya wazazi mbele ya lango hauwapendezi hata kidogo. Mzazi huanza mazoezi wakati wa likizo, saa ileile ya asubuhi, akichagua njia yenye vivuko salama hata kama ni ndefu, kisha anamwacha mtoto atangulie na kuongoza huku yeye akifuata nyuma.

Siku ya kwanza mtoto hubeba koni kubwa ya karatasi ngumu iliyojaa peremende, kalamu za rangi na zawadi ndogondogo, desturi iliyoanzia Saxony na Thuringia katika karne ya 19. Kuitengeneza nyumbani kunatosha. Mabegi ya shule ni ghali, mengine hupita euro 200, na familia zenye kipato kidogo zinazopata ruzuku fulani hulipwa fedha za vifaa, ambazo mwaka 2024 zilikuwa euro 195.

Masomo ya darasa la kwanza huisha karibu na adhuhuri, hivyo kwa wazazi wanaofanya kazi za zamu nafasi ya mtoto kubaki shuleni alasiri ina uzito kuliko begi. Haki ya kisheria ya nafasi hiyo imepangwa kuanza tarehe 1 Agosti 2026 kwa darasa la kwanza, kisha kupanda darasa moja kila mwaka. Hata hivyo, maombi hujazwa kando na fomu ya kuandikisha, na ni vyema kuyaulizia siku ileile ya kumwandikisha mtoto.