Kituo kikubwa kikija mtaani, mimi naangalia nje ya mlango

Kila nikiona picha za mradi wa kituo kipya cha usafiri, ile michoro ya kompyuta yenye paa la vioo na miti imepangwa mstari na watu wote wanatabasamu, macho yangu yanakimbilia pembeni kabisa ya picha. Nataka kujua mtu akishuka kwenye treni akatoka mlangoni anakutana na nini. Barabara ya njia sita? Uwanja wa kupaki magari? Au anakuta mtaa, maduka, zahanati, watu wengine? Maana kwangu mimi hapo ndo pa kuamua kama mtaa utafufuka au la.

Mitaa ya pembezoni mwa mji tunaijua. Alfajiri watu washaondoka, mchana kimya, wamebaki wazee na watoto na fundi mmoja mmoja, halafu usiku ndo watu wanarudi hoi wanataka kulala tu. Hela inatafutwa mjini na sehemu kubwa inaishia hukohuko mjini, kwa hiyo mwenye duka huku hata ajitahidi vipi wateja anawaona kidogo asubuhi wakiwahi na kidogo usiku wakiwa wamechoka.

Sasa kituo kikubwa, nasemea kile ambacho treni, mabasi ya mbali, mabasi ya mtaani na baiskeli vyote vinakutana, kinaweza kubadilisha hali hiyo kuliko kituo cha kushukia tu. Pale watu wanabadilisha usafiri, na mtu anayesubiri basi dakika kumi ana dakika kumi za kuchukua dawa, kutengeneza kiatu, kununua daftari la mtoto. Na zaidi ya hapo, wanaanza kuja watu ambao hawaishi pale. Mwajiri anaona kumbe wafanyakazi wa pande zote za mji wanafika hapa bila kuhangaika, analeta ofisi, chuo nacho kinafungua tawi, taratibu mtaa unaanza kuwa na mchana wake.

Huko Japani Kobayashi Ichizo alilishika hili zamani sana. Reli yake, ambayo baadaye ndo ikaja kuitwa Hankyu, ilianza mwaka 1910 ikipita mashambani nje ya Osaka ambako abiria wenyewe walikuwa wachache. Akanunua ardhi kando ya reli, akajenga nyumba, akawauzia watu wa mshahara kwa malipo ya kidogo kidogo, basi akawa amepata abiria wa kwenda mjini asubuhi. Ila treni za kwenda upande wa pili nani atapanda? Akaipa Takarazuka, mwisho wa reli, sababu ya kwendewa, maji moto ya kuoga na kuanzia 1914 maonyesho ya wasichana wanaoimba na kuigiza, na mwaka 1929 upande wa mjini, Umeda, akafungua duka kubwa la ghorofa palepale kituoni. Nalipenda sana wazo hili la treni kujaa pande zote mbili, maana mtaa ambao watu wanatoka tu bila wengine kuingia utabaki bweni hata ukiletewa treni ya kasi.

Na treni ya kasi peke yake haitoshi kweli. Ufaransa walipojenga reli ya kasi ya kaskazini watu wa mji wa Amiens walitaka ipite kwao, haikupita, wakawekewa kituo cha Haute-Picardie katikati ya mashamba, kikafunguliwa 1994 na watu wakakibatiza stesheni ya viazisukari. Uingereza nao wana kituo cha treni ya kasi cha Ebbsfleet, kimefunguliwa 2007 kwenye eneo la machimbo ya zamani ya chokaa, London unafika chini ya dakika 20, lakini ukitoka nje unapokelewa na maelfu ya nafasi za kupaki magari. Mpango wa serikali wa kujenga mji mzima pale ukatangazwa 2014, miaka saba baadaye! Na treni za kwenda Ulaya bara zikaacha kusimama pale 2020. Naumia nikisoma habari kama hizi, kwa sababu kazi ngumu na ya gharama ya kuleta reli ilishafanyika.

Arlington, kule Virginia, Marekani, walifanya kinyume. Njia ya metro ilipangwa ipite katikati ya barabara kuu ya magari, ambako ingekuwa rahisi zaidi kujenga, wao wakang'ang'ania ipite chini ya ardhi, chini ya mtaa wao wa maduka uliokuwa unakufa. Kufika 1979 walikuwa na vituo vitano mfululizo, kutoka Rosslyn mpaka Ballston. Majengo marefu wakayaruhusu karibu na vituo, kama mita 400 hivi, yaani mwendo wa dakika tano kwa mguu, halafu ukienda mbele majengo yanashuka mpaka unazikuta nyumba za kawaida za zamani ziko palepale. Leo watu wanaishi, wanafanya kazi na wanatembea kwa miguu pale.

Kuna jambo lingine linaninyima raha. Kituo kikitangazwa tu madalali wanafika kabla ya mafundi. Stratford, mashariki ya London, imepata kila kitu, njia ya treni ya Jubilee mwaka 1999, maduka makubwa 2011, Olimpiki 2012, njia nyingine ya treni iitwayo Elizabeth line 2022, na panavutia kweli sibishi. Lakini ni hapohapo mwaka 2013 akina mama vijana waliokuwa wanaishi hosteli na watoto wao walipewa notisi ya kuondoka, wengine wakaambiwa wakatafutiwe nyumba miji ya mbali kama Manchester na Birmingham. Wakagoma, wakaandamana. Walivumilia vumbi na kelele za ujenzi miaka yote hiyo halafu kizuri kilipofika wao wanaambiwa waondoke, jamani!

Kwa hiyo mkiitwa kwenye mkutano wa mradi, msiishie kuuliza treni itachukua dakika ngapi. Ulizeni mlango unaangalia upande gani, upande wa makazi au upande wa magari. Ulizeni bibi mwenye mkongojo atavukaje barabara, basi la mtaani litasimama mita ngapi kutoka kwenye treni, wenye meza ndogo za biashara wametengewa wapi, ardhi ya kuzunguka kituo ni ya nani, na nyumba ngapi zitabaki za kodi ambayo mpangaji wa leo anaimudu. Na majibu yaandikwe kabla greda la kwanza halijawashwa, maana baada ya hapo bei ya kila kiwanja itakuwa imeshapanda.