Geji ya mafuta iliyosema kweli nusu, na namna nilivyoitengeneza uani

Kwa muda wa miezi kama minne geji ya mafuta ya Corolla yangu ya mwaka 1998 ilikuwa na tabia moja isiyobadilika. Tangi likiwa zaidi ya nusu ilisema kweli, lakini mafuta yakishuka chini ya hapo mshale uliporomoka ghafla hadi kwenye E, yaani tupu, ukatulia huko, kisha gari likiingia kwenye shimo ukaruka hadi robo kana kwamba kuna mtu amemimina mafuta njiani. Niliizoea. Nikawa nahesabu kilomita badala ya kuutazama mshale, na kwa kuwa mimi, kama wengi jijini Dar es Salaam, hununua petroli ya elfu kumi leo na ya elfu ishirini keshokutwa, hesabu hiyo ilinipotea mara kwa mara. Jioni moja taa ya njano ya mafuta iliwaka nikaipuuza, kwa kuwa nilikwisha kuiweka taa hiyo katika kundi moja na mshale mwongo, na gari likanizimikia Barabara ya Mandela, karibu na Tabata Relini, malori ya bandarini yakinipigia honi kwa nyuma. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenifuatia petroli kwa kidumu.

Fundi umeme wa kwanza hakufungua hata skrubu moja. Alifungua swichi ya gari, akautazama mshale, akasema, "Geji hii imekufa, mzee. Tukatafute dashibodi nyingine Gerezani." Gerezani ndiko kwenye vipuri vya mtumba. Sikukubali, kwa sababu mbili. Kwanza, dashibodi ya mtumba huja na kilomita za gari lingine, na siku ya kuuza utatumia nusu saa kumweleza mnunuzi jambo ambalo hataliamini. Pili, na hili ndilo lililonifanya nirudi nyumbani kufikiri, kitu kilichokufa hakisemi kweli tangi likijaa na uongo likipungua. Ugonjwa unaotegemea kimo cha mafuta sharti utafutwe mahali mafuta yalipo.

Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono wa waya. Boya likipanda na kushuka, mkono huo husogeza vidole vidogo vya chuma juu ya kibao chenye njia nyembamba ya kupunguza umeme, na geji ya mbele husoma ukinzani wa njia hiyo tu, yaani kiasi inavyouzuia umeme, wala haijui chochote kuhusu petroli. Katika gari langu tangi tupu ni takribani omu 110 (omu ndiyo kipimo cha ukinzani), na tangi lililojaa ni kama omu 4. Magari mengine hutumia vipimo vingine, na yapo yanayokwenda kinyume kabisa, hivyo asije mtu akavichukua vipimo vyangu akavipeleka kwenye gari lisilo la aina hii. La kushika ni kwamba kwenye gari langu waya ukikatika popote, au vidole vikiacha kugusa kibao, ukinzani huwa hauna mwisho na geji huutafsiri kuwa ni tangi tupu.

Taa ya njano nayo ina njia yake. Inaongozwa na kipande kidogo kilicho karibu na sakafu ya tangi, ambacho kikiwa ndani ya petroli hubaki baridi na kuuzuia umeme, na kikibaki nje hupata joto, ukinzani wake ukapungua, taa ikawaka. Kwa hiyo miezi yote ile mshale ulipokuwa kwenye E na taa imezimika, gari lilikuwa likiniambia wazi kwamba mafuta yapo na kwamba mwongo ni mmoja tu. Sikusikiliza.

Jumamosi asubuhi nilianza na jambo rahisi. Fyuzi ya geji ndiyo hiyo hiyo inayolisha geji ya joto la injini, na geji ya joto ilikuwa ikifanya kazi vizuri, basi fyuzi nikaiacha. Nikanyanyua kiti cha nyuma, nikafuta vumbi, nikafungua kifuniko cha bati kilichogandishwa kwa gundi nyeusi, nikaiona plagi yenye nyaya. Baada ya kuhakikisha hakuna harufu ya petroli nikaichomoa plagi hiyo, swichi ikiwa imefungwa, kisha nikafungua swichi: mshale ukaenda E, kama inavyopaswa. Nikafunga swichi, nikaunganisha waya wa geji na bodi ya gari kupitia balbu ndogo ya wati 3.4. Balbu hiyo si pambo, kwani ukiunganisha moja kwa moja unaweza kuiunguza geji nzima. Swichi ilipofunguliwa balbu iliwaka na mshale ukaanza kupanda taratibu kuelekea F, yaani kujaa. Kwa hatua hiyo moja, geji ambayo fundi aliitangaza marehemu ilithibitika kuwa nzima, pamoja na waya wote unaotoka mbele hadi nyuma.

Kilichobaki ni waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, na kile kilicho ndani ya tangi. Nilitegemea sana kuikuta ethi imeoza, maana hewa ya chumvi ya mji huu hula kila boliti, lakini multimita, kifaa cha kupimia umeme, ilionyesha chini ya omu moja, yaani ethi ni nzima. Nikahamia kwenye plagi ya upande wa tangi. Ilisoma ukinzani, lakini mwanangu alipolitikisa gari kwa nyuma namba zikaruka, zikapotea kabisa, zikarudi.

Kufungua tangi ni kazi ya hatari na sitaki kuipamba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kutafuta moto hata ulio mbali. Mafuta yalikuwa chini ya robo, gari liko uani kwenye upepo, na nilimwomba jirani anayekaanga maandazi asubirie kuwasha jiko lake hadi adhuhuri, akakubali kwa kunung'unika. Kizima moto nilikiweka karibu. Nilichomoa plagi ya pampu, nikawasha injini na kuiacha izimike yenyewe ili shinikizo kwenye bomba liishe, nikafungua kifuniko cha kujazia mafuta, nikaondoa waya hasi wa betri, na ndipo nikashika spana. Bomba lilifunguliwa likiwa limezungushiwa kitambaa, na hata hivyo lilitema kidogo.

Kibao kilikuwa na utando mweusi. Upande wa juu njia zake zilikuwa zinang'aa, lakini upande wa chini zilichimbika kama barabara ya mtaa baada ya masika, na vidole vilikuwa vimelegea kiasi kwamba pale penye mfereji havikugusa kitu. Mazoea yangu ya elfu kumi yalikuwa yameandikwa pale: gari ambalo miaka yote huishi chini ya nusu husugua sehemu ile ile ya kibao mpaka iishe. Boya nililitikisa karibu na sikio. Halikuwa na petroli ndani.

Sikutumia msasa, kwa kuwa njia hizo ni nyembamba mno. Nilisugua kwa ufutio wa penseli, nikasafisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia viungio vya umeme, kisha nikavikunja vidole kidogo sana ili vibane zaidi na vipite pembeni ya mfereji wa zamani. Nikaupandisha mkono polepole huku multimita ikiwa imeunganishwa: 109, 90, 70, 40, 12, 5, bila kuruka. Mpira wa kuziba tangi ulikuwa umevimba kwa petroli na haukukubali kurudi mahali pake, ikanibidi nifuate mpya Kariakoo, na safari hiyo ilichukua muda mrefu kuliko matengenezo yenyewe.

Baada ya kuwasha na kukagua kwamba hakuna panapovuja, nilikwenda sheli nikajaza lita tano tano huku nikiandika mshale ulipofika. Nusu ya geji yangu si nusu ya tangi, kwa sababu tangi halina umbo la ndoo. Robo ya mwisho huisha upesi kuliko robo ya kwanza. Karatasi ya vipimo hivyo nimeibandika nyuma ya kikinga jua cha dereva. Mshale bado hutetemeka kidogo unapovuka robo, na kibao hicho siku moja kitahitaji kubadilishwa, lakini kwa sasa mshale na taa vinakubaliana.