Kumbukumbu ya mradi: kiyoyozi cha boti kwa ampea 6

Juma la kwanza

Boti ninayoifufua ina chumba kimoja, vitanda viwili, na kiyoyozi cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) nilichokikuta ndani. Nimeifunga kwenye gati upande wa Dunga, hapa Kisumu. Jua la saa nane likipiga fibaglasi, chumba kinakuwa tanuri. Mama mwenye gati amenipa soketi moja. Breka yake, swichi inayojikata umeme ukivutwa kupita kiasi, ni ya ampea 6, na ndiyo inayobeba pia taa ya mwisho wa gati.

Nilipiga hesabu nikaridhika: kiyoyozi kikishatulia kinakula ampea 3.6, chaja ya betri 1.5, taa kidogo tu. Inaenea. Nikawasha. Kompresa, mashine inayosukuma gesi ndani ya kiyoyozi, ikanguruma "mmmm", balbu ikafifia, kisha tap! Giza. Nikarudia alfajiri, giza tena, na safari hii mama akaja mwenyewe na tochi.

"Mwanangu, wavuvi wa omena wanarudi kwa taa hiyo. Ukiizima, watagonga nguzo."

Niliona haya. Nikamwahidi siwashi tena mpaka nijue shida iko wapi.

Juma la tatu

Fundi wa stima alikuja na mita ya kubana waya, ile inayonasa kilele cha mkondo. Kompresa ikijaribu kuamka, ilisoma ampea 21. Basi hesabu yangu ilikuwa ya mashine inayotembea, na breka ilikuwa inakatika pale pale inapoamka.

Halafu akanionyesha ekstensheni yangu: mita 40, waya wa milimita mraba 1.5, nusu yake bado kwenye roli. Niliweka kiganja juu ya roli, ilikuwa na joto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Kwenye nguzo ya gati tulisoma volti 231. Ndani ya boti, wakati wa kuamka, 208. Kompresa ikikosa volti inakwama, na ikikwama inaendelea kuvuta ule mkondo mkubwa.

Nimenunua waya wa 2.5, na ninaukunjua wote kila ninapoutumia. Fundi ameweka pia breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Hiyo sikubishana naye hata kidogo. Watoto wanaogelea kando ya gati hili.

Juma la tano

Waya mpya peke yake haukutosha, breka iliendelea kukatika. Kilichotutoa hapo ni kifaa kidogo cha kuamsha kompresa polepole, kinachofungwa kwenye nyaya zake. Kilele kikashuka kutoka 21 hadi 8. Niliiwasha mara kumi mfululizo, nikiipumzisha dakika tano kila mara ili presha ya gesi ishuke, na taa ya mama haikuzimika hata mara moja. Birika la umeme nimelirudisha nyumbani, lile peke yake linataka ampea 8. Chai napikia gesi.

Juma la sita

Upepo ulileta gugu maji usiku. Kiyoyozi hiki hupozwa kwa maji ya ziwa: pampu huyavuta, yanabeba joto la gesi, yanamwagwa nje. Mizizi ikaziba chujio, bomba la nje likabaki kutiririka uzi mwembamba, na mita ikapanda hadi 4.9. Ukijumlisha chaja, tulikuwa juu ya breka tayari. Nilizima chaja kwanza, ndipo nikafungua chujio.

Siku hiyo hiyo nikatandika turubai jeupe juu ya paa, likiwa limeinuliwa shubiri moja ili upepo wa ziwa wa alasiri upite chini yake. Kwangu hii ndiyo kazi ya bei rahisi iliyoleta faida kubwa kuliko zote, na ningeanza nayo. Sasa kompresa inapumzika muda mrefu kabla ya kuwaka tena, wakati zamani ilikuwa haikomi mchana kutwa.

Jana nililala humo usiku kucha. Saa kumi na moja nilisikia injini za wavuvi wa omena zikikaribia, nikachungulia: taa inawaka, kompresa inanguruma. Asubuhi nimetoa konzi mbili za mizizi kwenye chujio. Kilichobaki ni kutengeneza kikapu cha wavu cha kuzuia gugu kabla halijafika kwenye mdomo wa pampu.