Mama mdogo na Be Right Back

Jamani kama hamjaangalia ile episodi ya tamthilia ya Black Mirror inaitwa Be Right Back, ya 2013, itafuteni. Juzi tumeiangalia hapa kwetu Sakina, kila episodi ni stori yake na waigizaji wake kwa hiyo hata ukianzia katikati haupotei. Huyu dada Martha mpenzi wake anakufa kwenye ajali ya gari, sasa kuna huduma inakusanya meseji na video zake inamtengeneza upya, dada anaanza kuchati nae, mara anaongea nae kwa simu, mwisho analetewa mwili kabisa wa bandia unaofanana nae, anauloweka kwenye bafu!! Mdogo wangu akasema huo uchawi, tuzime. Ila mama mdogo hakubanduka, akatoa simu akabonyeza voisi ya marehemu baba mdogo, "mama watoto nipo sokoni Kilombero hapa, nyanya nimepata, vitunguu nibebe?" Aisee tulinyamaza wote. Akasema hiyo huduma ikifika Arusha yeye analipia. Namuelewa kabisa lakini mimi siitaki, yule wa kwenye episodi anatii kila anachoambiwa, na baba mdogo alikuwa mbishi balaa, ndo tulivyompenda.