Kinu cha lita 2.67: asilimia 12 ya mgeuko iliyopotelea kwenye njia ya mkato

Hatimaye tangi langu la kukorogwa (kinu, maana yake chombo ambamo mmenyuko wa kemia hufanyika) limetoa kile ambacho hesabu ilikuwa ikikiahidi tangu mwanzo, yaani mgeuko (sehemu ya malighafi inayogeuka kuwa zao) wa asilimia 79, wakati nililipangia asilimia 80. Kwa muda mrefu lilikuwa limeng'ang'ania asilimia 68, na kila nilichorekebisha hakikulisogeza. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaojenga vinu vidogo, kwa sababu chanzo cha tatizo hakikuwa pale ambapo wengi wetu huanzia kutafuta.

Mmenyuko ni ule wa mazoezi: ethili asetati pamoja na sodiamu haidroksaidi, ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki. Miyeyusho miwili ya moli 0.1 kwa lita inaingia kwa mililita 30 kwa dakika kila mmoja, hivyo ukolezi wa kuanzia baada ya kuchanganyika ni moli 0.05 kwa lita. Kwenye bika, joto likiwa nyuzi 30, kidhabiti cha kasi, namba inayoonyesha mmenyuko unakwenda haraka kiasi gani, kilitoka karibu lita 0.15 kwa moli kwa sekunde, nacho kinakubaliana vizuri na kile cha takriban 0.11 cha nyuzi 25, ukitumia nishati ya uamshaji, inayoamua jinsi joto linavyobadilisha kasi, ya kilojuli 47 hivi kwa moli. Kwa mmenyuko wa daraja la pili (ambao kasi yake hufuata ukolezi wa kiambata kimoja mara ukolezi wa kingine) na mgeuko wa asilimia 80, tangi moja linahitaji muda wa kukaa, yaani wastani wa muda ambao maji hubaki ndani, wa sekunde 2,667, na kwa kuwa mkondo wote ni mililita moja kwa sekunde, ujazo ni lita 2.67. Kinu cha bomba, ambamo maji husonga mbele bila kukorogwa, kingehitaji tano tu ya ujazo huo, yaani lita 0.53, kwa sababu uwiano wa vinu hivyo viwili katika daraja la pili ni moja kugawanya kwa sehemu isiyogeuka. Mtu akitaka asilimia 90, tangi linapanda hadi lita 12, jambo ambalo mchoro wa Levenspiel, unaochora kinyume cha kasi dhidi ya mgeuko, unalionyesha wazi pale mstari unapopaa upande wa kulia.

Sasa asilimia 68. Mtu anaweza kuiona kama upungufu mdogo, lakini kadiri mgeuko unavyokuwa mkubwa, ndivyo tangi linavyokuwa zito kuitikia mabadiliko, na kwa hiyo upungufu mdogo wa mgeuko unadai sababu kubwa sana. Nilipoirudisha hesabu kinyumenyume, niliona kwamba ili tangi hili litoe asilimia 68, kidhabiti cha kasi kingebidi kishuke hadi theluthi ya kile nilichokipima. Ingekuwa ni joto, maji yangepaswa kuwa na nyuzi 13, ilhali kipimajoto ndani ya tangi kilisoma 30 mchana kutwa. Ingekuwa ni mkondo, pampu zingepaswa kusukuma mara tatu ya nilichokuwa nikikipima kwa mzani wa jikoni na saa. Ingekuwa ni maji yaliyotuama kwenye kona, basi theluthi mbili za tangi zingekuwa zimelala, na hilo haliwezekani katika chombo ambacho unaona rangi ya chakula ikienea humo chote mbele ya macho yako.

Iliyobaki ilikuwa njia ya mkato. Tuseme sehemu moja ya sita ya mkondo inatoka bila kukutana na tangi kabisa, na sehemu tano zilizobaki zinakorogwa vizuri: mchanganyiko unaotoka unakuwa na mgeuko wa asilimia 68, bila kulazimisha chochote. Hapo ndipo nilipofurahi, kwa maana moja ya sita inaaminika na theluthi mbili haziaminiki.

Uthibitisho ulitoka kwenye chumvi ya kawaida. Nilijaza tangi maji safi, nikaacha mikondo yote miwili ipitishe maji matupu, kisha nikadunga mmiminiko mfupi wa maji ya chumvi kwenye mpira wa kuingizia na kuandika upitishaji umeme mdomoni mwa bomba la kutokea. Njia hii ya kusoma mgawanyo wa muda wa kukaa, yaani nani anatoka mapema na nani anachelewa, ilipewa msingi wake na mhandisi wa kemia P. V. Danckwerts mwaka 1953, na hadi leo sijaona kifaa cha bei yoyote kinachoishinda. Kwanza ulitokea mruko mkali mara tu baada ya kudunga, ambao tangi lililochanganyika vizuri haliwezi kuutoa. Lakini kilichonishawishi zaidi ni mkia. Ukichora logi ya usomaji dhidi ya muda, mkia ni mstari ulionyooka, na mteremko wake unakwambia muda halisi wa kukaa kwa kile kilichoingia tangini. Maji yaliyotuama yangeufupisha hadi sekunde 900 hivi. Njia ya mkato inaurefusha, kwa kuwa tangi lilelile linapokea mkondo mdogo zaidi. Mkia wangu ulitoa karibu sekunde 3,200, na 2,667 kugawanya kwa 3,200 ni tano juu ya sita. Vipimo viwili visivyohusiana, kimoja cha kemia na kingine cha chumvi, vilitaja sehemu ileile.

Tiba ilikuwa rahisi. Mipira ya kuingizia ilikuwa ikidondosha juu ya uso wa maji, upande uleule wa bomba la kutokea, na kikorogeo changu kinazunguka polepole, basi sehemu ya mkondo ilikuwa ikiteleza juu moja kwa moja. Nimeishusha mipira hadi chini ya bapa la kikorogeo, nimehamishia tundu la kutokea upande wa pili, na nimeweka vibao vinne vyembamba ukutani ili maji yasizunguke kwa pamoja kama kitu kigumu. Mruko umetoweka, mkia umerudi karibu na sekunde 2,700, na titresheni imetoa asilimia 79.

Kuhusu vifaa, msimamo wangu ni huu. Mita ya upitishaji umeme ni mlinzi mzuri wa mwenendo, kwa sababu ioni ya haidroksidi hubeba umeme karibu mara tano ya ioni ya asetati, lakini usomaji wake hubadilika kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo hukumu ya mwisho naiachia titresheni: sampuli inaingia papo hapo kwenye asidi hidrokloriki baridi iliyozidi, mmenyuko unasimama, na asidi iliyosalia inapimwa kwa kostiki na fenoftaleini, kiashiria kinachobadilika rangi. Mtungi wa kostiki ufunikwe daima, la sivyo hewa inaipunguza nguvu kwa kaboni dioksidi. Pampu za kukamua mpira ninazipenda, ila mpira ukichoka mkondo hushuka kimyakimya, hivyo upimwe kwa uzito kabla ya kila jaribio.

Mpango ulikuwa kufuatia na kinu cha bomba, takriban mita 19 za mpira wa kipenyo cha ndani cha milimita 6. Nimeuweka kando. Mtiririko humo ungekuwa wa utaratibu, wa tabaka zisizovurugana, namba ya Reynolds (kipimo cha mvurugiko wa mtiririko) ikiwa karibu 265, na tabaka za katikati zikikimbia bila kuchanganyika na za pembeni mgeuko ungebaki kama asilimia 76. Kinachonivuta sasa ni matangi mawili mfululizo ya lita 0.59 kila moja: jumla ni lita 1.18 tu badala ya 2.67, kwa asilimia 80 ileile, na faida ya kuyapa ukubwa tofauti ni ndogo mno kustahili usumbufu. La kwanza litainuliwa ili maji yashuke yenyewe, bomba la kuyaunganisha litamwaga chini ya bapa la kikorogeo cha pili, na kila tangi litapita jaribio la chumvi peke yake kabla ya kuonja kostiki.